Mvua Zinapokatika: Wazazi na Walimu Katika Shule za Msingi za Chimala

Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, ambao kwa kifupi huitwa UWAWA, ni chombo cha shule kinachowakutanisha watu wanaomlea mtoto mmoja kwa zamu: anayekaa naye nyumbani na anayekaa naye darasani. Katika shule za msingi za Tanzania chombo hiki hufanya kazi pamoja na kamati ya shule. Shughuli zake ni za mwaka mzima, lakini katika mji kama Chimala, wilayani Mbarali mkoani Mbeya, kuna wiki chache zinazobeba uzito wa mwaka wote. Ni zile zinazoanza mwishoni mwa Machi, mvua zinapoelekea kukatika, hadi shule zinapofungwa mwanzoni mwa Juni.

Chimala ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, kiasi cha kilomita 80 mashariki mwa Jiji la Mbeya. Upande wa kusini milima imesimama kama ukuta, na barabara maarufu ya kona 57 inaupanda ukuta huo kwenda Matamba, wilayani Makete. Upande wa kaskazini ni bonde la Usangu, moja ya maghala makubwa ya mchele wa nchi hii. Wenyeji wa bonde ni Wasangu, lakini mpunga na barabara vimewaleta Wanyakyusa, Wakinga, Wawanji, Wahehe, Wabena, Wasukuma na wengine wengi. Watoto watatu wanaokaa dawati moja wanaweza kuwa na bibi watatu wanaozungumza lugha tatu. Familia hizo husali mahali tofauti na kulima mashamba tofauti, ila watoto wao wanasoma shule moja.

Chombo hiki kilivyopatikana

Wazazi wa nchi hii walianza kujipanga kwa ajili ya shule kabla ya uhuru. Mwaka 1955 ilianzishwa TAPA, chama cha wazazi Waafrika wa Tanganyika, wakati ambapo shule za serikali na za misheni zilikuwa chache na watoto wengi walikosa nafasi. TAPA ilifungua shule zake yenyewe, na baadaye ndiyo iliyogeuka kuwa Jumuiya ya Wazazi Tanzania. Nchi nyingine zimepita njia inayofanana na hiyo. Huko Marekani, Alice McLellan Birney na Phoebe Apperson Hearst waliitisha mkutano wa akina mama mjini Washington Februari 1897, na mkutano huo ukazaa chama cha wazazi na walimu ambacho leo kina matawi katika maelfu ya shule.

Baada ya uhuru, mwaka 1967, siasa ya Elimu ya Kujitegemea iliipa kila shule shamba na jembe. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote, na vijiji vikajenga madarasa kwa nguvu za wananchi. Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 ikaweka kamati ya shule katika kila shule ya msingi. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, wa mwaka 2002 hadi 2006 ukaipa kamati hiyo kazi ya kusimamia fedha za ujenzi na za uendeshaji.

UWAWA ni mdogo kwa umri. Ulijengwa katika miaka ya 2010 kupitia miradi ya elimu kama EQUIP-Tanzania, kisha ukaingizwa katika mpango wa Shule Salama chini ya mradi wa BOOST. Kamati ya shule ni chombo cha usimamizi: ina mwenyekiti, mwalimu mkuu ndiye katibu wake, na inahusika na mipango, fedha na majengo. UWAWA unashuka hadi darasani. Wawakilishi wake hutoka kwa wazazi wa kila darasa, akina mama na akina baba, wakikaa na mwalimu wa darasa husika. Kamati huuliza kama shule ina madawati ya kutosha. UWAWA huuliza kwa nini watoto sita wa darasa la tatu hawajaonekana tangu Jumatatu.

Kalenda ya shule na kalenda ya mpunga

Mwaka wa masomo wa Tanzania una siku 194 za masomo. Muhula wa kwanza huanza Januari na kumalizika mwanzoni mwa Juni, ukikatwa na likizo fupi ya Machi au Aprili. Muhula wa pili huanza Julai, na ndani yake kuna mtihani wa darasa la saba unaofanyika Septemba, kisha upimaji wa darasa la nne.

Bonde la Usangu nalo lina mwaka wake. Mvua ni za msimu mmoja: huanza kati ya Novemba na Desemba na kumalizika Aprili. Vitalu vya mpunga husiwa mwanzo wa mvua, miche hupandikizwa Januari hadi Machi, na mavuno makubwa huanza Mei. Kwa hiyo Januari, shule inapofunguliwa, mzazi yuko kwenye matope toka asubuhi hadi jioni, na akiba ya chakula na fedha ndani ya nyumba inakaribia kwisha. Kikao kinachoitishwa wakati huo hupata wachache, na mchango unaoombwa wakati huo humkuta mtu mkono mtupu.

Mwisho wa Machi mambo hubadilika. Upandikizaji umekwisha, palizi inamalizika, na mavuno bado hayajaanza. Katika nafasi hiyo fupi mzazi anaweza kukaa kwenye benchi saa mbili bila kuhesabu hasara. Shule zinazoifahamu kalenda hii hupanga hapo kikao kikubwa cha mwaka, na makubaliano yake hutekelezwa mpunga ukishaingia ghalani. Shule inayofuata kalenda ya ofisi peke yake hulalamika kila mwaka kwamba wazazi hawajali.

Kipindi hichohicho kina hatari yake. Mpunga unapoanza kujaza punje, kwelea kwelea hushuka kwa makundi, hasa asubuhi na jioni. Shamba lisilo na mlinzi laweza kupata hasara kubwa kwa siku chache. Mlinzi wa bei nafuu kuliko wote ni mtoto. Akipewa kopo, fimbo na kombeo, anapelekwa kuamia ndege kuanzia alfajiri, na daftari la mahudhurio shuleni linaanza kuwa na mapengo. Familia nyingine huhamia kwenye vibanda vya shambani kwa wiki kadhaa, na watoto wakafuata huko au wakaachwa mjini chini ya dada yao wa darasa la sita.

Adhabu peke yake haijawahi kumaliza utoro wa namna hii, kwa sababu mtoto hakwenda shambani kwa kupenda. Kinachosaidia ni wazazi wenye mashamba yanayopakana kugawana zamu za kuamia, ili mtu mzima mmoja alinde mashamba ya majirani wanne asubuhi moja, na siku ya pili alinde mwingine. Mpango kama huo hauwezi kutungwa na mwalimu. Unahitaji watu wanaoyajua mashamba yao na majirani zao, na ndiyo maana unafaa kuzungumzwa kwenye UWAWA mapema Aprili, ndege wakiwa bado hawajafika.

Kikao cha wazazi

Kikao cha kawaida hufanyika Jumamosi au Ijumaa, darasani au chini ya mti wenye kivuli kipana. Mwenyekiti hufungua baada ya akidi kutimia. Husomwa muhtasari wa kikao kilichopita, hufuata yatokanayo, kisha taarifa ya taaluma, mahudhurio, chakula, fedha, na mwisho mengineyo. Utaratibu huu ni mzuri, lakini una ugonjwa mmoja: taarifa ya fedha na michango huweza kumeza muda wote, na watu wakaondoka bila neno moja juu ya mtoto kujua kusoma au kutojua.

Dawa ya ugonjwa huo ni daftari. Kabla ya ajenda ya fedha, kila mzazi huenda darasa la mwanawe, na mwalimu wa darasa humkabidhi madaftari ya mtoto huyo. Dakika kumi na tano zinatosha. Mzazi hutazama tarehe zilizoandikwa juu ya kurasa. Zikiruka kutoka tarehe 4 hadi tarehe 13, kuna siku ambazo mtoto alitoka nyumbani asubuhi na hakufika, au alifika na hakuandika. Hutazama wino mwekundu: alama za vema zinaongezeka au zinapungua? Palipokosewa, masahihisho yamefanywa? Hutazama pia upande wa mwalimu, maana daftari lenye kazi kumi ambazo hazijasahihishwa nalo linasema jambo, na mzazi ana haki ya kuuliza kwa adabu.

Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kulisoma daftari kwa namna hii. Anaona ukurasa mtupu, anaona mwandiko uliotulia na uliovurugika, anaona wino mwekundu. Mama aliyeshika daftari la mwanawe ana swali lake mwenyewe la kumuuliza mwalimu, na mwalimu aliyeulizwa swali kuhusu mtoto mmoja hujibu kuhusu mtoto huyo, kwa jina lake.

Jambo jingine la kuzungumzwa katika vikao vya miaka hii ni mabadiliko ya mtaala. Chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita badala ya saba. Watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao wenzao waliokuwa darasa la nne watamaliza darasa la saba. Madarasa hayo mawili yatafika mlango wa sekondari kwa pamoja. Mzazi mwenye mtoto katika madarasa hayo anapaswa kulijua jambo hili mapema, ajiandae kwa sare, madaftari na nauli.

Chakula cha mchana

Hakuna ajenda inayogusa wazazi wa Nyanda za Juu Kusini kama chakula cha shuleni, na hakuna inayoonyesha wazi zaidi kwamba kuwa na mavuno si sawa na kuwa na lishe. Mikoa ya nyanda hizo inalisha sehemu kubwa ya nchi kwa mahindi, mchele, viazi na maharage. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mkoani Iringa karibu asilimia 57 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Njombe na Rukwa zilikuwa karibu na asilimia 50. Watoto hao ndio wanaofika darasa la awali wakiwa wadogo kuliko umri wao, na wengi wao hutoka nyumbani asubuhi bila kula kitu.

Mwaka 2021 serikali ilizindua mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimu ya msingi, unaowataka wazazi na jamii kushirikiana na shule kuwalisha watoto. Hesabu yake si ngumu. Mtoto akipewa gramu 100 za mahindi kwa siku, kwa siku 194 za masomo atakula kilo 19.4. Hizo ni kama debe moja. Akiongezewa gramu 30 za maharage kila siku, kwa mwaka atakula pungufu kidogo ya kilo sita. Mzazi anayesikia kwamba shule inataka mamilioni ya chakula hushtuka. Akisikia kwamba mwanawe anahitaji debe moja la mahindi na visado vichache vya maharage kwa mwaka mzima, analiona jambo hilo kwa macho ya ghala lake.

Kwa shule yenye watoto 600, hesabu hiyohiyo inahitaji kilo 60 za mahindi kila siku, na karibu magunia 116 ya kilo mia kwa mwaka. Mzigo huo unataka ghala. Mahindi yaliyowekwa sakafuni kabla ya kukauka hushika unyevu na kuota ukungu, na ukungu huo huleta sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kuchemshwa. Kwa hiyo mahindi yanayoletwa shuleni hukaguliwa kabla ya kupokelewa, hukaushwa tena ikibidi, na magunia hupangwa juu ya chaga, mbali na ukuta. Mzani, daftari la kupokelea na daftari la kutolea hukaa mahali pamoja, na watu wawili, mzazi mmoja na mwalimu mmoja, hutia sahihi kila asubuhi mpishi anapopimiwa.

Katika eneo la mpunga, wazazi wengine huleta mpunga, nao huuzwa kwa idhini ya kikao ili kununua mahindi na maharage. Wengine huleta kuni, wengine hulipa ujira wa mpishi, na wasio na shamba hujitolea kuosha masufuria kwa zamu. Jambo la lazima ni kwamba mchango ni wa hiari na mtoto hapaswi kufukuzwa shule wala kunyimwa uji kwa sababu mzazi wake hajaleta. Waraka wa serikali kuhusu elimu bila ada, uliotolewa baada ya utaratibu huo kuanza Januari 2016, unawalinda watoto dhidi ya adhabu ya namna hiyo. Mtoto wa mjane anayekaa pembeni akitazama wenzake wakinywa uji anajifunza somo ambalo hakuna shule inayopaswa kulifundisha.

Siku za familia

Msimu wa Machi hadi Juni una tarehe kadhaa zinazowaleta wazazi shuleni kwa shughuli badala ya maneno. Ya kwanza ni Siku ya Kitaifa ya Upandaji Miti, tarehe 1 Aprili. Chimala udongo bado una unyevu siku hiyo, lakini mvua inakaribia kuaga, na mche uliopandwa Aprili utakaa miezi saba bila mvua. Hapo ndipo miti mingi ya shule hufa. Njia inayofaa ni kila familia kukabidhiwa mti mmoja wenye jina la mtoto, uzungushiwe matete au miiba kuzuia mbuzi, na mtoto aumwagilie kwa kidumu cha lita tano mara mbili kwa wiki, likizo na shule. Mwembe, mpera na mpapai hustawi bondeni na huwapa watoto matunda. Mti wa kivuli karibu na uwanja utakuwa ukumbi wa vikao vya baadaye.

Ya pili ni Siku ya Kimataifa ya Familia, tarehe 15 Mei, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1993. Shule yaweza kuiadhimisha Jumamosi iliyo karibu. Asubuhi huanza na usafi wa pamoja: mafagio ya chelewa, majembe, kuziba nyufa za sakafu. Kisha michezo: kuvuta kamba kati ya wazazi wa mikondo miwili, mbio za magunia, mbio za yai kwenye kijiko, netiboli ya akina mama na walimu wa kike, soka ya akina baba waliokwisha kusahau mara ya mwisho walipovaa raba, na bao kwa wazee. Watoto huimba kwaya, hughani ngonjera na kucheza ngoma za makabila yao. Hapo mtoto wa Kisukuma hujifunza wimbo wa Kikinga, na mama wa Kinyakyusa hupiga vigelegele kwa mtoto wa jirani.

Sehemu yenye faida ya kudumu ni hadithi. Bibi au babu mmoja hukaa darasani na watoto thelathini, husimulia ngano kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwao akifasiriwa, na watoto huiandika upya kwa maneno yao. Ngano hizo zikishonwa pamoja zinakuwa kitabu cha kusomea darasani. Katika shule ambayo vitabu vya hadithi ni vichache, kitabu kilichotoka kinywani mwa bibi wa mtaa hupendwa kuliko vingi, kwa sababu watoto wanamjua aliyekisimulia.

Ya tatu ni michezo ya UMITASHUMTA, umoja wa michezo na taaluma wa shule za msingi Tanzania. Mashindano huanza shuleni, hupanda hadi kata, wilaya, mkoa na mwisho taifa, kwa kawaida Juni. Mwaka 2025 fainali za kitaifa zilifanyika mkoani Iringa, zikawapa wazazi wa Nyanda za Juu Kusini nafasi ya kuwaona watoto wa mikoa yote wakikimbia, wakicheza mpira na kuimba. UWAWA huingia katika ngazi za mwanzo: kununua mipira, kuchanga jezi, kupika chakula cha timu, na kuhakikisha kwamba mtoto wa kike anayesafiri kwenda mashindano ya wilaya ana mwanamke mtu mzima wa kumsimamia.

Ya nne ni Siku ya Mtoto wa Afrika, tarehe 16 Juni, inayoadhimishwa tangu mwaka 1991 kuwakumbuka wanafunzi waliouawa Soweto mwaka 1976 walipodai elimu bora. Mara nyingi siku hiyo huangukia likizoni, kwa hiyo maadhimisho hufanyika katika ngazi ya kata au wilaya, na watoto waliochaguliwa husoma risala zao mbele ya viongozi.

Njia ya kwenda shule

Barabara kuu iliyoijenga Chimala ndiyo pia hatari kubwa kwa watoto wake. Malori ya mizigo ya Zambia na Kongo hupita mchana na usiku, pamoja na mabasi na bodaboda. Sheria inaweka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, lakini mtoto wa miaka sita hawezi kukadiria kasi ya gari linalomjia. Wazazi wanaoishi karibu na kivuko wanaweza kupangiana zamu, wawili asubuhi na wawili mchana, wakiwa na vizibao vinavyong'aa na bendera nyekundu, wakiwavusha watoto kwa makundi. Kazi hiyo huchukua nusu saa tu.

Maji ni hatari ya pili. Wakati wa mvua mito inayoshuka milimani hujaa ghafla, na mifereji ya umwagiliaji ina kingo za utelezi. Maji yaliyotuama ya mashamba na mifereji ni makazi ya konokono wanaoeneza kichocho, ugonjwa unaompata mtoto anayeoga au kuchezea humo. Dawa za kichocho na minyoo hutolewa shuleni katika kampeni za afya, na mzazi anapaswa kujua tarehe yake mapema, mtoto aende akiwa amekula. Vyoo ni sehemu ya ulinzi huohuo: kiwango cha taifa ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Wazazi wakihesabu matundu na kugawa kwa idadi ya watoto, wataona wenyewe pengo lililopo.

Fedha na uwazi

Tangu mwaka 2016 serikali hupeleka fedha za uendeshaji moja kwa moja kwenye akaunti za shule. Ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi imehesabiwa kwa Sh 10,000 kwa mwaka. Kati ya hizo Sh 6,000 hufika shuleni na Sh 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu. Shule ya watoto 600 kwa hesabu hiyo hupata Sh 3,600,000 kwa mwaka, yaani Sh 300,000 kwa mwezi. Fedha hiyo inapaswa kutosha chaki, karatasi za mitihani, ukarabati mdogo, michezo na mahitaji ya ofisi. Wazazi wengi wamesikia kwamba elimu ni bure. Hesabu hii ikiandikwa kwenye ubao wa matangazo kila mwezi, ya kuingia na ya kutoka, wanaelewa nini serikali inabeba na nini kinabaki.

Uwazi huo una faida kwa pande zote. Mwalimu mkuu hulindwa dhidi ya uvumi, na mzazi hupata imani ya kutoa. Mahali ambapo watu hawaoni hesabu, hata debe la mahindi hutolewa kwa kinyongo.

Kusoma nyumbani

Mwisho wa yote, shule ipo ili mtoto ajue kusoma, kuandika na kuhesabu. Tafiti za Uwezo, zilizoanza mwaka 2010 kwa kuwapima watoto nyumbani kwao, ziliwashtua wengi zilipoonyesha kwamba watoto wengi wa madarasa ya juu hawakuweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Vipimo hivyo vilifanywa na watu wa kawaida, mlangoni, kwa karatasi moja. Kwa maana hiyo kila mzazi anaweza kufanya kipimo kama hicho.

Robo saa jioni inatosha. Mtoto husoma kwa sauti, mzazi husikiliza. Asiyejua kusoma humwambia mtoto amsimulie alichosoma. Akishindwa kusimulia, alikuwa anatamka herufi bila kuelewa. Karatasi ya mfuko wa mbolea, tangazo la chanjo, bei za duka, vyote ni kitabu. Kaka wa sekondari anaweza kumsikiliza mdogo wake, na shangazi anaweza kumhesabisha visado vya mchele sokoni. Mwakilishi wa UWAWA wa darasa hupita nyumba chache kila mwezi kuuliza mambo yanavyokwenda, naye humrudishia mwalimu habari ambazo mwalimu hawezi kuziona akiwa darasani: mtoto fulani hana taa, mwingine analala kwa jirani, mwingine amebeba mdogo wake mgongoni tangu mama alazwe.

Chama cha wazazi na walimu hakihitaji jengo wala ofisi. Kinahitaji watu wanaokuja, hesabu inayoonekana na tarehe inayofuata msimu wa watu wake. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mwalimu mmoja mwenye watoto mia darasani hawezi kumjua kila mmoja kama anavyojulikana kwao. Basi kikao kijacho kitakapotangazwa, mpunga ukiwa umesimama shambani na ndege bado hawajashuka, mzazi wa Chimala, wa Igurusi, wa Mafinga na wa kwingineko, nenda. Na ukifika, kabla ya kuuliza mchango ni kiasi gani, omba daftari la mwanao.